2147483647 ni tasa, kosa liko kwenye i*i

Uliuliza kwa nini programu yako ya Java inasema 2147483647 si namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe). Namba yenyewe ni tasa kweli; mwanahisabati Euler alithibitisha hilo mwaka 1772. Programu yako inaikataa kwa sababu ya sharti la kitanzi (loop) kinachojaribu vigawo i kimoja kimoja, i*i <= n. Hii ni 2^31 − 1, kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye int (aina ya namba kamili ya Java) ya biti 32, kwa hiyo hakuna i*i inayoweza kuizidi. i ikifika 46341, mraba wake ulipaswa kuwa 2147488281, lakini hauingii kwenye int, hivyo unageuka −2147479015 na kitanzi kinaendelea. Mwishowe i inalingana na n, n inajigawa yenyewe, baki 0, na unaambiwa si tasa. Andika i <= n / i, au tumia long, aina ya biti 64.

Halafu usijaribu kila witiri. Kigawo tasa chochote cha namba hii lazima kiache baki 1 au 63 kikigawanywa kwa 248, jambo zuri mno: ukiacha 1, hadi 46340 zinabaki namba 373 tu. Nyingi nazo zinaanguka zenyewe kwa kuwa si tasa (63 ni 7×9, 249 ni 3×83). Ya kwanza ya kujaribu ni 311.