Kwa nini kalsiamu hupanda pampu ya SERCA inapozuiwa?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nafanya majaribio ya seli kwa ajili ya tasnifu yangu. Nilizitia seli rangi ya Fura-2 inayoonyesha kiasi cha kalsiamu, nikaziweka kwenye kimiminika kisicho na kalsiamu, kisha nikatia thapsigajini kuzuia SERCA. Kalsiamu ndani ya seli ikapanda, halafu ikashuka yenyewe baada ya dakika chache. Niliporudisha kalsiamu kwenye kimiminika ikapanda tena, juu kuliko mara ya kwanza. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Hujakosea, na kwa kweli grafu yako ni nzuri kuliko unavyodhani.

Kinachowachanganya wengi ni mahali pampu hii ilipo. SERCA haikai kwenye utando wa nje wa seli. Imo kwenye utando wa retikulamu endoplazimu, ghala la kalsiamu lililo ndani ya seli. Kwa kila molekuli moja ya ATP, inayoipa nishati, huchota ioni 2 za kalsiamu kutoka saitosoli (umajimaji wa seli ulio nje ya ghala hilo) na kuziingiza ndani ya retikulamu. Saitosoli ya seli iliyotulia ina kalsiamu huru ya nanomola 100 hivi, ilhali ndani ya retikulamu ni mamia ya mikromola. Tofauti kubwa namna hiyo haidumu bure. Utando wa retikulamu huvuja saa zote, na SERCA hurudisha kilichovuja saa zote, ndiyo maana seli ikitulia huoni kitu. Mfua maji akiweka upo chini, mtumbwi hujaa ingawa tundu ni lile lile. Kilele chako cha kwanza ni huo mvujo, ambao siku zote ulikuwepo. Thapsigajini haikuuanzisha, imemwondoa tu aliyekuwa akiuficha.

Kushuka ni kazi ya pampu nyingine, PMCA, iliyoko kwenye utando wa nje. Hiyo hutoa kalsiamu nje kabisa ya seli, na kwa kuwa nje hukuweka kalsiamu, hakuna ya kurudi. Hapa nikutahadharishe: watu hupima ukubwa wa kilele hiki na kusema wamepima akiba ya retikulamu. Seli yenye PMCA dhaifu itakupa kilele kikubwa hata kama akiba ni ile ile.

Kilele cha pili ndicho kinachonivutia zaidi, kwa sababu kinaonyesha kwamba seli huhisi ghala lake likiwa tupu. Ndani ya utando wa retikulamu kuna protini iitwayo STIM1, ambayo ncha yake moja imeelekea ndani na hushika kalsiamu. Ghala likipungua, ncha hiyo huachia kalsiamu yake. Molekuli za STIM1 hukusanyana na kuhamia pale retikulamu inapokaribiana mno na utando wa nje, na hapo hufungua Orai1, mlango wa kalsiamu ulio kwenye utando huo wa nje. (STIM1 ilitambuliwa kuwa ndiyo kihisi mwaka 2005, Orai1 mwaka uliofuata.) Wewe ulipotia kalsiamu, milango ilikuwa wazi tayari ikisubiri.

Kwa hiyo usiandike kwenye tasnifu kwamba SERCA “hupunguza kalsiamu” ukaishia hapo. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kulijaza ghala, na ghala lenyewe lina wenye kulihitaji: protini zinazokunjwa ndani ya retikulamu hazikunjiki vizuri kalsiamu ikipungua. Ugonjwa wa ngozi wa Darier hutokana na hitilafu katika nakala moja tu ya jeni ATP2A2, inayotengeneza SERCA2.

Kabla hujaandika matokeo, rudia jaribio na seli zisizotiwa thapsigajini: ziweke bila kalsiamu kwa muda ule ule, kisha irudishe. Zikipanda nazo, kiasi hicho ukitoe kwenye kilele cha pili. Na ukitaka kuizuia pampu kisha kuiachia, tumia asidi ya siklopiazoniki, kwani thapsigajini ikishashika SERCA haioshiki.