Maswali na majibu: Dodo chini ya mwarobaini na ngamia mwenye chongo

Kwenye kadi ya harusi ya binamu yangu wameandika "Serendipity" kwa herufi za dhahabu. Nilimuuliza bibi harusi maana yake, akasema ni bahati njema. Ni kweli?

Ni nusu ya kweli, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye uzito.

Neno hili la Kiingereza lina cheti cha kuzaliwa, jambo ambalo maneno mengi hayana. Tarehe 28 Januari 1754 Horace Walpole, mtoto wa yule Robert Walpole anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, alimwandikia barua rafiki yake Horace Mann, mwakilishi wa Uingereza kule Florence. Mann alikuwa amempelekea picha ya Bianca Cappello, mwanamke wa ukoo mmoja wa Venice. Basi Walpole, akipekua kitabu cha nembo za koo za Venice, akaangukia jambo kuhusu nembo ya ukoo huo ambalo hakuwa analitafuta. Furaha ikamzidi, akabuni neno papo hapo. Akaeleza kwamba amelitoa kwenye ngano ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, ambao kila waliposafiri walikuwa wakigundua mambo wasiyoyatafuta, kwa sadfa na kwa werevu.

Soma tena: kwa sadfa *na* kwa werevu. Tena akaongeza sharti: ukikipata kile ulichokuwa unakitafuta, neno hili halikuhusu. Sasa bwana harusi aliyemfuatilia bibi harusi miaka mitatu, vocha kila Ijumaa, ametumia juhudi, na juhudi ina jina lake. Kadi ingeandikwa tu "Hatimaye".

Hao wana wa mfalme waligundua nini hasa? Nimesoma mahali ni ngamia, mahali pengine ni nyumbu.

Ni ngamia. Nyumbu ni wa Walpole, aliyekuwa akisimulia kwa kukumbuka. (Na ni nyumbu wa punda na farasi, si wale wa Serengeti, kabla hamjaniandikia.)

Kwa ufupi ngano inakwenda hivi. Vijana wanakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Hawajamwona mnyama huyo, lakini wanamwambia ana chongo, ana pengo la jino, anachechemea, amebeba siagi upande mmoja na asali upande wa pili. Mwenye mali anaona hawa ndio wezi, anawapeleka kwa mfalme. Wakiulizwa wamejuaje, wanajibu kwa alama za njiani. Majani yameliwa upande mmoja tu wa njia, na ndio upande wenye majani mabaya, kwa hiyo jicho la upande wa pili halioni. Vipande vya majani vilivyotafunwa vimedondoka vikiwa na ukubwa wa jino. Mguu mmoja umeburuzwa mchangani. Upande huu wa njia sisimizi wamejaa, maana wanafuata mafuta, na upande ule nzi, maana wanafuata asali.

Hapo bahati iko wapi? Ni kupita njia ile tu. Mengine yote ni macho na kichwa. Kitabu cha Kiitaliano chenye ngano hii kilichapishwa Venice mwaka 1557, na mizizi yake iko Uajemi, kwa hiyo msiniambie tena kwamba ni hekima ya Waingereza.

Nimeambiwa Serendip ni neno la Kiswahili.

Hapana.

Ni Sarandibu, jina ambalo Waarabu na Waajemi walikiita kisiwa cha Sri Lanka. Linatokana na Kisanskriti, na ile sehemu ya mwisho, *dvipa*, maana yake ni kisiwa. Waliokaa madrasa wanalijua: masimulizi yanasema Nabii Adamu aliteremkia huko, na unyayo wake uko juu ya mlima. Ibn Battuta, msafiri huyuhuyu aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye aliupanda mlima huo. Tuko jirani na neno hili kwa bahari na kwa pepo za msimu, lakini ujirani si uzazi.

Je, "mumbo jumbo", ile ya Kiingereza yenye maana ya maneno ya upuuzi, nayo si ni "mambo" na "jambo"?

Swali hili linarudi kila mwezi na jibu halijabadilika. Si ya kwetu. Imetoka Afrika Magharibi, kwa Wamandinka wa Gambia, na Mwingereza Francis Moore aliiandika katika kitabu cha safari zake mwaka 1738, akieleza juu ya mtu wa kinyago aliyetumiwa kuwatisha wanawake. Maneno mawili kufanana sauti si ushahidi wa udugu.

Tukitamka "serendipity", mkazo unakaa wapi?

Silabi ya tatu, kwenye *di*.

Mwalimu wetu alisema penisilini iligunduliwa kwa bahati tu. Huo ndio mfano wa neno hili?

Ni mfano mzuri, ila futa hiyo "tu". Mwaka 1928 Alexander Fleming alirudi kutoka likizo kwenye maabara yake, hospitali ya St Mary's, London, akakuta sahani moja ya bakteria imeota ukungu. Sahani yenye ukungu hata mimi ninayo jikoni, na huwa naiosha. Yeye aliona kwamba bakteria waliokuwa karibu na ukungu wameyeyuka, akajiuliza kwa nini.

Kwa Kiswahili tusemeje?

Wengi watakimbilia "bahati", wengine "sadfa", na wa mtaani watasema ameokota dodo chini ya mwarobaini. Huu wa mwisho naupenda kuliko yote, lakini nao haujafika. Aliyeokota dodo akalila na kwenda zake amepata bahati. Anayesimama kwanza akajiuliza dodo limefikaje chini ya mwarobaini, akaona alama za meno ya popo kwenye ganda, akajua kuna mwembe umeiva karibu, akaenda kuutafuta: huyo ndiye Walpole alikuwa anamsema. Neno moja la kulibeba hilo sijalipata, na sioni haya kutumia sentensi nzima.

Naandika barua ya kuomba ufadhili wa masomo. Nikiliweka litanisaidia?

Usiliweke. Watakuuliza maana yake kwenye usaili.