Swali la lugha: Kiongozi, mwongozo au gaidi la drili?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, kitengo cha mifupa. Tumepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili maelekezo ya vifaa vya kufungia mabamba kwenye mifupa iliyovunjika, yatumiwe na wenzetu wanaosafisha na kupanga vifaa pamoja na wanafunzi wa uuguzi. Tumekwama kwenye kile kifaa kidogo kinachoelekeza drili kabla ya kutia skrubu. Mmoja ameandika "mwongozo", wa pili "kiongozi", wa tatu "gaidi", na daktari mmoja anashikilia "mkono wa drili". Lipi sahihi? Na kama ni kiongozi, tuseme "kiongozi hiki" au "kiongozi huyu"? Sentensi yenyewe ni hii: "Weka mwongozo wima juu ya sahani, kisha toboa shimo la 3.5."

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeniuliza jina tu, lakini katika sentensi yako ni maneno mawili matatu yasiyo na mashtaka. Nikikupa jina na kuyaacha mengine, nitakuwa nimekupa nusu ya jibu, tena ile nusu nyepesi. Chumba cha upasuaji kinastahimili kosa la jina, kwa sababu mtu atanyoosha kidole aseme "hicho hapo". Kosa la kitenzi au la namba halina kidole cha kulinyooshea.

Gaidi kwanza, tumcheke tummalize. Aliyeandika hivyo amelivika Kiswahili neno la Kiingereza "guide", na hakuvunja utaratibu. Neno geni likiingia Kiswahilini huvikwa irabu mwishoni, na ndivyo tulivyopata skrubu na drili. Shida ni kwamba kiti hicho kina mwenyewe. Gaidi ni mnyang'anyi wa njiani, na siku hizi ni mlipua mabomu. Sasa piga picha ubao wa chumba cha upasuaji umeandikwa "Magaidi mawili yametakaswa, yako mezani", na mgonjwa ndiyo kwanza anaingizwa, hajalala.

"Mkono wa drili" umetokana na mkono wa shati. Kwa Kiingereza ule mrija mfupi wa chuma unaopitishiwa drili umepewa jina la mkono wa nguo, na daktari wetu ameuchukua mzimamzima. Fundi yeyote wa Kiswahili ukimwambia akupe mkono wa drili atatafuta mpini wa kushikia. Tena neno mkono tunalihitaji kwingine kwenye kabati lilelile. Ziko zile nondo za kuingizwa ndani ya mfupa za SIGN, shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Hapa kwetu zinatumika Muhimbili na kwingineko. Nondo ikishazama ndani ya mfupa, matundu yake hayaonekani, kwa hiyo nje ya mguu hufungwa chuma kirefu kinachokwenda sambamba nayo, chenye matundu yanayolingana na yale yaliyojificha. Huo ni mkono kwelikweli, mkono wa kulengea, na jina hilo mngeliacha hukohuko.

"Mwongozo" ni neno zuri lililokwisha kupata kazi. Mwongozo ni maandishi au maneno yanayoonyesha njia. Tuna mwongozo wa mwalimu, mwongozo wa matibabu, na wenye umri wangu tunaukumbuka Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Hata hicho mnachokiandika ni mwongozo. Mwanafunzi akisoma "chukua mwongozo" ana haki kamili ya kukuletea kitabu.

Kwenye kiongozi ndipo penye utamu wa sarufi. Wako watakaokuambia kwamba nomino ya ki- inayoishia kwa -i ni ya watu tu, kama kiongozi na kinyozi. Si kweli. Wanasarufi wenyewe wametuzalishia kivumishi, kiunganishi na kiwakilishi, na hakuna hata kimoja kinachokula ugali. Kwa umbo, basi, kiongozi kinaweza kuwa kifaa, na kikiwa kifaa upatanisho wake ni wa KI-VI: kiongozi hiki, viongozi hivi. Upatanisho hufuata uhai wa kitu, haufuati umbo la jina peke yake. Lakini sioni sababu ya kujitafutia taabu. "Mpe daktari kiongozi" ina maana ngapi? "Viongozi visafishwe kila baada ya matumizi" ikibandikwa ukutani, wapita njia watakubaliana nayo kwa sababu zao.

Jina ninalolipendelea mmelipita karibu sana: KIONGOZA DRILI. Kiswahili kina njia kongwe ya kuunda majina ya namna hii, ki- pamoja na kitenzi kinachobaki na -a yake, kisha kinachotendwa. Kipaza sauti, kinasa sauti, kifungua kinywa, kipimajoto. Hakuna atakayedhani ni mtu, na ngeli haina mgogoro: kiongoza drili hiki, viongoza drili hivi. Kuandika neno moja au mawili ni juu yenu. Kipaza sauti huandikwa kwa namna zote mbili na kipimajoto huandikwa neno moja, basi chagueni namna moja mbaki nayo hadi ukurasa wa mwisho. Mimi naandika mawili. Kwa njia hiyohiyo, kile cha kupimia urefu wa tobo kabla ya kuchagua skrubu kiwe kipima kina.

Mtaniuliza kwa nini si "kiongoza keke", maana keke ndilo jina la zamani la chombo cha seremala cha kutobolea. Nalipenda neno hilo, lakini vijana wenu hawalijui, na atakayelisikia vibaya ataulizia keki. Drili imeshapokelewa. Skrubu vilevile, ingawa moyo wangu unabaki na parafujo tuliloachiwa na Wareno.

Sasa mambo mazito. "Weka", mmesema. Kifaa hiki si kimoja, na kila kimoja kina kitenzi chake.

Kiongoza drili cha kawaida hushikiliwa kwa mkono. Kinakaa juu ya tundu, kinazuia biti, yaani ile ncha ya drili inayotoboa, isiteleze kwenye mfupa na isinyakue nyama za pembeni. Kitenzi chake ni *shikilia*, kwa sababu mkono hauondoki mpaka drili isimame.

Cha pili ni cha yale mabamba yenye matundu marefu kidogo, ambayo kingo zake za ndani zina mteremko. Mabamba hayo yalitokana na kazi ya madaktari wa Uswisi waliounda AO, kikundi cha kuchunguza namna ya kuunga mifupa kwa vyuma, mjini Biel mwaka 1958, akiwamo Maurice Müller, na yalianza kutumika mwaka 1969. Ujanja wake ni kwamba ukitoboa katikati ya tundu, skrubu inashika tu bamba lilipo. Ukitoboa pembeni, upande ulio mbali na palipovunjika, kichwa cha skrubu kinaposhuka kwenye mteremko kinalisukuma bamba, na vipande vya mfupa vinabanwa pamoja. Tofauti ya katikati na pembeni ni milimita moja hivi. Kwa hiyo kuna viongoza drili vyenye ncha mbili, ya kijani kwa tobo la katikati na ya njano kwa tobo la kubana, na viko vyenye springi ndani: ukikigandamiza kwenye tundu kinakaa katikati, usipokigandamiza ukakiegemeza ukingoni kinakwenda pembeni. Hapo *gandamiza* na *egemeza* ni amri mbili tofauti, zenye matokeo mawili tofauti kwenye mfupa wa mtu. Mwandishi akiandika "weka" kwa zote mbili amemwachia msomaji aamue jambo ambalo si lake kuamua.

Cha tatu ndicho nadhani sentensi yenu inakilenga. Mabamba yaliyoenea tangu miaka ya 2000 yana matundu yenye hesi, yaani ile misokoto iliyochongwa kama ya skrubu, na skrubu zake zina hesi kichwani pia, ili kichwa kishikane na bamba kiwe kitu kimoja nalo. Hapo tobo lisipofuata mhimili wa tundu, kichwa kinaingia kombo kama kifuniko cha chupa kilichofungwa kwa haraka: kinaonekana kimekaza, kumbe hakijashika, au kinang'ang'ania na siku ya kukitoa hakitoki. Ndiyo maana kiongoza drili chake nacho kina hesi. Hakiwekwi wala hakishikiliwi. *Kinafungwa*, kwa kuzungushwa mpaka kikae chote. Mwanafunzi aliyesoma "weka juu ya" atakisimamisha juu ya bamba na kukishika kwa vidole, na atakuwa ametii maandishi yenu neno kwa neno.

Neno "wima" nalo lifutwe. Mtu aliyesimama yuko wima kwa ardhi, na msomaji atadhani ni wima kwa bamba. Bamba lililonyooka la kwenye fupa la mkono halina neno, lakini mabamba yaliyopindwa kufuata umbo la mfupa, kama yale ya karibu na kifundo au goti, matundu yake yameelekezwa kila moja upande wake, na kuelekezwa huko kumekusudiwa. Yako hata mabamba yanayoruhusu skrubu kupinda hadi nyuzi 15 kutoka kwenye mhimili, na kiongoza drili chake kina mdomo mpana kama faneli. Andikeni "kwa kufuata mwelekeo wa tundu" na kiongoza drili chenyewe kitafanya yaliyobaki.

Sahani ni ya pilau. Chuma chembamba kilichobapa ni bamba, mabamba. Wagonjwa watasema "nimewekewa vyuma", nanyi msiwasahihishe; hiyo ni lugha yao na inatosha kabisa kwenye karatasi ya kumpa mgonjwa. Shimo pia silitaki. Shimo lina chini yake, huchimbwa, na mtu huanguka humo. Kilichopenya upande wa pili ni tundu au tobo. Kwa maelekezo ya namna hii ningegawa kazi: tundu ni lile lililotoka kiwandani kwenye bamba, na tobo ni lile analolitoboa daktari kwenye mfupa. Mgawanyo huu ni ushauri wangu, hamtaukuta kwenye kamusi, lakini mkiufuata hamtaandika tena "hakikisha shimo liko chini ya shimo".

Nimeiacha 3.5 mwisho kwa sababu ndiyo iliyonitia wasiwasi. Kiswahili kina kiunganishi kimoja cha ajabu, hiki -a cha uhusiano: la, cha, ya, wa. Kinabeba kila kitu. Kikombe cha chai ni cha kunywea chai au chenye chai ndani, na nyumbani hakuna anayeumia. Lakini "kiongoza drili cha 3.5" ni cha skrubu ya milimita 3.5 au cha biti ya milimita 3.5? Nanyi mnajua kuliko mimi kwamba skrubu ya 3.5 ya kawaida hutobolewa kwa biti ya 2.5, ili hesi zake zipate mfupa wa kung'ata. Biti ya 3.5 nayo ipo na ina kazi yake: pale skrubu inapotakiwa kuvuta vipande viwili vikutane, ganda la karibu la mfupa, yaani ukuta wake mgumu wa upande inapoingilia skrubu, hutobolewa kwa 3.5 skrubu ipite bila kung'ata, na ganda la mbali kwa 2.5. Mbaya zaidi, kiongoza drili chenye ncha mbili kina namba zote mbili kwenye chuma kimoja. Atakayesoma "tobo la 3.5" akachagua biti ya 3.5 kwa kila ganda, skrubu yake itazunguka bila kushika.

Dawa iko ndani ya Kiswahili chenyewe, nayo ni kauli ya kutendea. Semeni "ncha ya kupitishia biti ya milimita 2.5", "tobo la kutilia skrubu ya milimita 3.5". Kitenzi kikikaa katikati, namba inajua mwenyewe ni nani. Na msikwepe kuandika jina la kifaa mbele ya kila namba, hata mkidhani mnajirudia. Kwa mdomo, "mbili nukta tano" na "mbili pointi tano" zote zinasikika vyumbani. Kwenye maandishi tarakimu zinatosha.

Basi sentensi yenu, nikidhani mnazungumzia bamba dogo lenye hesi, ambalo skrubu yake ya 3.5 hutobolewa kwa biti ya 2.8, ningeiandika hivi:

"Funga kiongoza drili chenye hesi kwenye tundu la bamba mpaka kikae chote. Pitisha humo biti ya milimita 2.8, utoboe kwa kufuata mwelekeo wa tundu. Fungua kiongoza drili, ndipo upime tobo kwa kipima kina na kuchagua urefu wa skrubu ya milimita 3.5."

Angalia "ndipo". Mngeandika "kisha", msomaji angeona mambo mawili yanayofuatana tu. "Ndipo" inamwambia kwamba la pili haliruhusiwi mpaka la kwanza limekwisha, na hapa ndivyo ilivyo, maana ukipima kiongoza drili kikiwa bado mahali pake utakuwa umejumlisha na urefu wa mrija. Itumieni pia mtakapofika kwenye kukaza: "Ingiza skrubu mpaka kichwa kifike kwenye bamba, ndipo uikaze kwa mkono, kwa bisibisi yenye kikomo cha Newton-mita 1.5, mpaka usikie mlio wake." Newton-mita ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. Wanaopenda kumalizia kwa drili ya umeme hawataipenda sentensi hiyo.