Nilirudisha Hela, Nikaulizwa Nyingine Ziko Wapi

Wiki iliyopita nilirudisha shilingi 60,000 za watu, na mpaka leo moyo unaniuma. Hela hazikuwa zangu, sizililii. Kinachoniuma ni swali nililoulizwa.

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu Ngamiani, hapa Tanga. Jumatatu jioni alikuja mama mmoja muuza samaki kuweka 340,000. Akafungua fundo la khanga, akatoa burungutu la noti za elfu kumi, zimelowa, zinanuka dagaa. Nikahesabu thelathini na nne, nikamwekea, akaenda zake. Usiku nafunga hesabu, droo imezidi. Nikazianika zile noti chini ya feni. Zilipokauka zikaanza kuachana zenyewe: sita zilikuwa pacha, mbili zimegandana kama moja.

Sikulala. (Haya, nililala, ila kwa shida.) Asubuhi bodaboda mpaka soko la samaki la Deep Sea, na njia nzima najiona nimeshikwa mkono, wenzake wanasikia, wananiombea dua. Mama akazipokea, akazihesabu mara mbili mbele yangu, akaniangalia.

"Mwanangu, na zile nyingine?"

Nilirudi nyumbani nimefura. Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Salma, ulimpelekea hela au ulifuata sifa?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka Lawrence Kohlberg, mwanasaikolojia wa Marekani niliyesomeshwa chuoni nikadhani ni wa mtihani tu. Katika tasnifu yake ya mwaka 1958 aliwahoji wavulana 72 wa Chicago na viunga vyake kwa visa vya kutatiza. Kinachojulikana zaidi ni cha Heinz: mkewe anakufa kwa saratani, mfamasia anauza kwa dola 2,000 dawa iliyomgharimu 200, na Heinz kaambulia 1,000 tu kwa kukopa huku na huku. Aibe asiibe? Kohlberg hakujali sana jibu. Alisikiliza sababu, na kwa sababu hizo akapanga hatua sita: kutoka kuogopa fimbo, kutafuta faida yako, kutaka uonekane mtu mwema, kushika sheria, mpaka kupima sheria yenyewe kwa haki za watu.

Nikajipima. Utotoni nilikuwa namhesabia mjomba machungwa ya Muheza, nayo nilihesabu sawa kwa kuwa kofi lake nililijua. Hatua ya kwanza hiyo. Leo nina ndevu na leseni ya biashara, na nimefika ya tatu! Kijana mmoja aliniandikia mwezi uliopita akiuliza kama akae na chenji aliyozidishiwa dukani. Nilimjibu kwa mbwembwe: rudisha, Mungu anakuona. Yaani nilimtishia fimbo, basi.

Kwa hiyo nyinyi mnaotaka kuwa watu wa kuaminika mjini, na najua mnataka, acheni kujisifia tendo. Jiulize: ungefanya hivyo kama hakuna wa kukuona? Na kama anayekuona atakudhania mwizi? Jiulize tena kesho. Uaminifu unaosubiri makofi ni biashara, tena mbovu. Vijana wa siku hizi mnarudisha simu iliyookotwa mkiwa mmeshapiga nayo picha.

Ila Kohlberg naye alipingwa. Carol Gilligan, aliyewahi kufanya naye kazi, aliandika mwaka 1982 kwamba kipimo kile kilitokana na wavulana na kiliwapunja wanawake, ambao wengi huanza kwa kuuliza nani ataumia, nani anamtegemea nani. Mke wangu hamjui Gilligan. Lakini swali lake la pili lilikuwa hili: "Hela zinapopungua, huyo mama huwa anamlaumu nani kwake?" Sikuwa nimeliwaza hata mara moja.

Alhamisi mama alirudi. Hakuomba radhi, wala hakutaja ya Jumatatu. Alifungua fundo, akaanza kuzibandua noti moja moja kwa kucha, akiziweka kaunta. Nikahesabu kwa sauti, naye akahesabu pamoja nami.