Mwanao aandike kuhusu Juan Marichal

Ndugu yangu, umesema mwanao ana insha kuhusu Mdominika, yaani mtu wa Jamhuri ya Dominika, ambaye wanabesiboli wenzake hawamsahau, na amekwama kwenye takwimu. Aziache kwanza. Amchukue Juan Marichal wa San Francisco Giants, timu ya besiboli ya Marekani, mrushaji aliyeinua mguu juu sana kabla ya kuachia mpira. Mwaka 1965, katikati ya mechi, alimpiga kichwani kwa gongo John Roseboro, mdakaji wa timu pinzani ya Dodgers. Lilikuwa jambo baya mno, na asilifiche. Lakini wawili hao walikuja kupatana, wakawa marafiki, na Roseboro mwenyewe akamtetea aingizwe kwenye Ukumbi wa Umaarufu, unaoenzi magwiji wa besiboli. Akaingia 1983, Mdominika wa kwanza. Roseboro alipofariki 2002, Marichal alizungumza kwenye ibada ya kumuaga. Insha ianzie hapo msibani. Ushindi wa Marichal wa mechi 243 unatosha sentensi moja.