Siku zetu za mwisho Pemba: barua kwa mwanangu

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza jikoni, mara ya pili nimetoka kukaa barazani ili nikusikie vizuri. Umesema mmebakiwa na siku kumi na mbili huko Muscat kabla ya kurejea nyumbani, baada ya miaka saba. Mumeo anataka awatembeze watoto Nizwa na Sur, nawe moyo wako unakwambia mbaki mjini, mpite nyumba kwa nyumba mkiaga. Halafu ukaniuliza: "Mama, tulipohama Wete, mbona siku za mwisho mlituzungusha kisiwa kizima badala ya kukaa na watu? Mlikuwa mnawakimbia?"

Nimetaka kukujibu kwa maandishi kwa sababu kwa simu ningelia, nawe ungekatisha maneno ukaanza kunibembeleza.

Baba yako, Allah amrehemu, hakuwa anamkimbia mtu. Niliyekuwa nakimbia ni mimi.

Ilikuwa Januari 1995. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mdogo wako sita. Baba yako alikuwa amepata uhamisho wa kwenda kusomesha Unguja, nasi tulikuwa tumekaa Wete miaka kumi na mmoja. Nilikuja pale bibi harusi, sina nimjuaye. Aliyenipokea ni shoga yangu wa nyumba ya mkabala, yule mliyekuwa mkimwita Mamkubwa. Yeye ndiye aliyenikanda nilipokuzaa wewe, maana mama yangu hakuwahi kufika kutoka Makunduchi. Kwake ndiko nilikokopa chumvi, kwangu ndiko alikokuja kulia alipofiwa na mwanawe. Nilipompa habari ya uhamisho hakusema kitu kwa muda, akaendelea kuchambua karafuu zake, anatenga karafuu huku na makonyo huku. Kisha akauliza, "Sasa mimi unaniachia nani?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nikaanza kumkwepa. Maji nikichota alfajiri kabla hajatoka. Sokoni nikipita njia ya nyuma. Akibisha hodi, nakutuma wewe umwambie nimelala. Wewe ulikuwa mtoto, ukanisemea uongo wangu, na hilo nakuomba radhi leo.

Baba yako aliona, ila hakunigombeza. Alichofanya ni kuitanguliza mizigo. Wiki moja kamili kabla ya safari, makabati, vitanda na cherehani yangu vikapakiwa jahazini bandarini Wete. Nyumba ikabaki na mikeka, sufuria mbili, birika na ile chupa ya chai nyekundu. Mimi nilikasirika sana. Nilimwambia anatudhalilisha, watu watatukuta tumekaa kama wakimbizi. Akanijibu kwamba mtu aliyeshika kamba ya kufungia mizigo haagi, anahesabu masanduku tu, na yeye hataki kuondoka Pemba akihesabu masanduku. Tena akasema watoto wamezaliwa Wete na hawajafika hata Kigomasha, ncha ya kaskazini ya kisiwa. Wakiulizwa habari za kwao huko Unguja watasema nini?

Madeni tukayalipa yote siku ileile, hadi lile la sukari dukani. Hilo nakusisitizia nawe. Lipeni kwanza, muwe wepesi.

Basi tukaanza kutembea. Siku ya Ngezi naamini unaikumbuka, kwa vile ulilia msituni. Mwalimu mwenzake baba yenu alitupa pikapu yake, tukapita Konde, na baada ya mashamba kuisha tukaingia katika ule msitu mzito ambapo jua la saa nne linakuwa kama la magharibi. Ulikuwa umehadithiwa mashetani ya Ngezi ukajificha ndani ya buibui langu. Tulipotokea ng'ambo, Vumawimbi ile hapo, mchanga mweupe mpaka macho yanauma, na hapana mtu isipokuwa wavuvi wawili wanatengeneza nyavu. Tulikula mkate wa kumimina na pweza wa kukaanga kwa ndimu. Baba yako akakupelekeni kwenye mnara wa Kigomasha, ule wa chuma waliojenga Waingereza mwaka 1900, mimi nikabaki chini ya mkungu nikalala. Nakwambia kweli, ndio usingizi wa kwanza wa raha niliopata tangu barua ya uhamisho ifike.

Jioni ya siku iliyofuata tulikwenda Kidike kuwaangalia popo wakitoka. Hao popo wakubwa hawapatikani popote duniani isipokuwa Pemba, na miaka ile watu walikuwa bado wanawawinda na kuwala; ulinzi wa wanakijiji, unaowaleta wageni sasa, ulikuja baadaye. Mdogo wako aliwahesabu mpaka akalala begani kwa baba yake.

Lakini siku iliyonibadilisha mimi ni ya Pujini. Tulishuka Chake, tukatafuta gari hadi kwenye magofu ya Mkama Ndume. Mzee mmoja wa pale akatuzungusha, akawasimulia hadithi ambayo kila Mpemba anaijua: jinsi mtawala yule alivyowatesa watu, akawabebesha mawe huku wakijikokota kwa makalio, na jinsi alivyokuwa na wake wawili waliochukiana. Kisima kilikuwa kimoja. Ili wasionane akakigawa kwa ukuta, mmoja akishuka kwa ngazi kuteka, mwenziwe akiteka kwa ndoo na kamba kutoka juu.

Wewe uliniuliza palepale, kwa sauti mbele ya yule mzee: "Mama, kama wewe na Mamkubwa?"

Huenda umesahau. Mimi sijasahau, na sidhani kama ulikuwa na maana yoyote zaidi ya ule mchezo wangu wa kuchota maji alfajiri, uliouona kwa macho yako. Nilisimama pale juu ya ngazi zilizojaa majani nikahisi uso unaniwaka. Wale wake wawili angalau walikuwa na sababu. Walikuwa wanashindania mume. Mimi nilikuwa nimejenga ukuta baina yangu na mtu ambaye sijawahi kugombana naye hata siku moja, kwa kuogopa machozi tu.

Usiku ule tulirudi Wete umeme umekatika. Miaka ile tulikuwa tukitegemea majenereta. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haukufika Pemba hadi 2010. Nikavuka njia gizani, nikabisha hodi. Alifungua na kibatari mkononi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani kutoka Chake, na yote yakapotea. Nikamwambia, "Kesho tunakwenda Misali. Njoo na watoto." Akaniangalia kitambo. Akauliza, "Nibebe mchele au unao?"

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, mwanangu, na sijasikia swali tamu kama lile.

Misali tulikwenda kwa mashua ya mashine kutoka Wesha, sisi wanne, yeye na wanawe watatu, na kikapu cha vyombo. Siku hizi ni hifadhi, tangu 1998, na watu huenda kwa utaratibu. Wakati ule tulishuka tu, tukawasalimia wavuvi waliokuwa wamepiga dago, yaani kambi yao ya uvuvi, wakatupa changu wanne. Nahodha aliwahadithia kwamba Nabii Hidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, wavuvi hawakuwa nao, akasema basi kisiwa chenyewe ni msala, maana kimeelekea kibla. Ndiyo jina lake. Mlisali adhuhuri mchangani, nyinyi watoto mkisukumana safu ya nyuma.

Unajua tulifanya nini siku nzima, mimi na Mamkubwa? Hakuna. Tulipika wali wa nazi, tukakaanga samaki, tukanyoosha miguu. Tulizungumza bei ya vitunguu, kanga mpya za dukani, mwanamke wa mtaa wa pili aliyeolewa na binamu yake. Alinisuka nywele kwa kitana chake. Hapana aliyetaja safari. Kuna wakati alinyamaza, nikajua anawaza nini, nikanyamaza naye, na upepo wa kaskazi ukawa unapita baina yetu tu. Kama tungekaa Wete siku ile, ningekuwa na wageni kumi sebuleni, kila mmoja analeta sahani na machozi, na yeye angekuwa mmoja wao, amekaa karibu na mlango, zamu yake ikifika anipe mkono na kutoka.

Kwa hiyo usidhani kutembea ni kuwakimbia watu. Inategemea umembeba nani garini. Baba yako alijua kutembea kutatulegeza, mimi sikujua mpaka niliposimama juu ya kile kisima.

Waliobaki tuliwaaga pia, usiingiwe na shaka. Jioni ya mwisho kulisomwa dua nyumbani, watu wamejaa juu ya mikeka kwa sababu viti havikuwapo, na hakuna aliyetudharau. Kila mmoja tuliombana radhi: kama nilikukosea kwa kujua au kutojua, niwie radhi. Haikuchukua saa mbili. Asubuhi tukashika njia ya Mkoani kupanda meli. Karafuu za mwisho zilikuwa bado zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa barabara, harufu ikaingia garini hadi tunaiona bahari. Waarabu wa zamani waliita Pemba kisiwa cha kijani, na wewe unayekaa baina ya milima ile mikavu utaelewa kwa nini.

Mamkubwa hakuja Mkoani. Tulikuwa tumeshakubaliana. Alisimama mlangoni kwake, amejifunga kanga kiunoni, anafagia, kama siku yoyote. Nikamwambia, "Haya, shoga." Akasema, "Haya." Ukaniuliza garini mbona hamkukumbatiana. Tulikuwa tumeshamaliza Misali.

Sasa la kwenu. Mwache mumeo akutoeni. Watoto wenu hawajaiona Sur, na itakuwa aibu mzaliwa wa Zanzibar akae miaka saba Oman asione yanakojengwa majahazi, wakati mabaharia wa Sur wamefika kwetu kwa pepo za kaskazi tangu enzi za mababu. Nizwa mwende Ijumaa, watoto waone mnada wa mbuzi. Lakini mizigo itangulie, na tena itangulie mapema, hata kama mtalala chini siku tatu. Mialiko ya chakula usiikubali yote. Chagua miwili, wengine wakusanye jioni moja nyumbani kwako muombane radhi.

Na yule rafiki yako Mmanga, Mwarabu wa huko, jirani yako, ambaye katika ujumbe wako wote hukumtaja hata mara moja, wakati miaka yote hii kila simu ni yeye na watoto wake: nimegundua hilo. Mimi ni mama yako na nimewahi kuchota maji alfajiri. Nenda ukambishie hodi leo, usingoje kesho. Mwambie mnakwenda Sur, aje na watoto. Akikuuliza abebe nini, utajua yamekwisha.

Hapa nyumbani chumba chenu nimekipaka chokaa, na mashuka nimeshayafua. Mamkubwa nimempigia simu Wete, sasa miguu inamsumbua lakini anasema atapanda meli aje kukupokeeni. Ameniuliza kama watoto wako wanakula halua, maana anataka kuchukua ya Wete kilo mbili. Nimemwambia achukue tatu.

Wasalaam,
Mama yako