NFT kurithiwa kama michoro? Maoni ya muuza picha

Mkuu, umeuliza kama hizi picha za NFT, yaani picha za kidijitali zenye hati ya umiliki mtandaoni, zinaweza kushika thamani miaka na miaka kama michoro ya ukutani, hadi mwanao azirithi. Nauza michoro hapa Dar muda mrefu. Jibu langu: zinaweza, ila chache mno.

Mnunuzi makini akiingia dukani anataka kujua nani kaichora picha, lini, na imepita mikononi mwa nani. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akawauzia wageni pale Morogoro Stores, hapahapa Dar, kwa bei ya chini, akafariki mwaka 1972. Leo kazi zake halisi zinasakwa na wakusanyaji, na shughuli pevu ni kuthibitisha kwamba ni zake, maana wanafunzi na waigaji wamejaa. Nimeshuhudia biashara nzuri zikivunjika kwa kukosa karatasi ya mauzo ya kwanza. Hapo NFT inatushinda kabisa: kila mmiliki kaandikwa tangu mwanzo kwenye blokucheni, daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, na hakuna wa kumfuta.

Ila kumbukumbu ya umiliki peke yake haitoshi. Twiti ya kwanza ya Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, iliuzwa kama NFT kwa dola milioni 2.9 mwaka 2021. Mwaka uliofuata mwenye nayo aliitangaza kuiuza tena, na mnada ulipofungwa dau la juu lilikuwa kama dola 280. Watu walinunua kelele.

Sasa tazama CryptoPunks. Ni NFT za picha za vichwa 10,000 vilivyotengenezwa na kampuni ya Larva Labs mwaka 2017, vingi vikagawiwa bure kabla ya msisimko wote huu. Bei zake zimeshuka sana toka kilele, lakini mwaka 2023 Centre Pompidou ya Paris ilipokea kimoja kwenye hazina yake. Makumbusho ya namna hiyo hayanunui ili yauze kesho. Yanatunza, yanaonyesha, yanaandika. Mimi hilo nalipima kuliko bei yoyote. Na sanaa ya kompyuta si ya jana: msanii Vera Molnár alianza nayo mwaka 1968, akaja kuheshimiwa uzeeni. Karibu yetu yupo Osinachi wa Nigeria, anayechora kwa Microsoft Word, na kazi zake zimefika kwenye jumba la mnada la Christie's. Huyo ni msanii mwenye mkono wake. Unaitambua kazi yake bila kusoma jina.

Jambo moja wauzaji hawalisemi. Mara nyingi kwenye blokucheni kuna kiungo (linki) tu, picha yenyewe iko kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia, ya mtu. Asipoilipia, mwanao atarithi hati ya picha isiyofunguka. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, muulize huyo anayekuuzia faili linakaa wapi na nani anagharamia, kisha mwambie akuonyeshe kazi nyingine za msanii huyohuyo za kabla ya msisimko wa 2021. Akianza kukueleza bei itakavyopanda, achana naye.